Mteremko Wenye Kelele

Kwenye gare ya Kamembe, kituo chetu cha mabasi, kila dereva ana perimi ya kuendesha. Mimi nina perimi, nina diploma ya ufundi wa magari, na nina cheti cha udereva wa juu nilichokifuata mpaka Kigali. Naandika hivi mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Diploma niliipata Bukavu, nikisoma mchana na kuosha magari jioni kando ya ziwa, maji ya baridi hadi viwikoni. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliporudi Rwanda, nchi niliyoijua kwa kusimuliwa na wazazi tu, nilivuka daraja na begi moja, na diploma nimeifunga ndani ya plastiki isilowe. Nilianza kama utingo wa lori, nikawa fundi, nikawa dereva wa watu wengine. Leo nina basi langu mwenyewe, na wapo wenye mashamba ya mababu zao hapa hapa wanaonipungia mkono wakiomba lifti.

Nasema haya kwa sababu kuna swali linaloniwasha, na sitaki mtu adhani linaniwasha kwa kuwa sijui kazi. Aliniuliza mke wangu siku niliyorudi kutoka mafunzoni. Alikuwa amekaa uani akichambua dagaa wa sambaza, cheti changu nimekiegemeza ukutani ili akione vizuri.

"Papa, mbele ya kwenda Kigali, hukuwa unajua kuendesha?"

"Nilijua."

"Sasa unajua nini?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza habari ya kutazama mbali, habari ya gari linaloteleza, habari ya breki. Alinisikiliza mpaka sambaza zikaisha kwenye beseni, kisha akasema, "Kwa hiyo ulikuwa hujui." Akaingia ndani.

Nikabaki na cheti.

Ili swali lieleweke, lazima nieleze barabara. Kutoka Kamembe kwenda Muganza unashuka. Juu kuna ubaridi na chai. Chini kuna joto, mpunga, migomba na kiwanda cha saruji. Katikati kuna mteremko mrefu wenye kona, na ni katika mteremko huo ndipo madereva wa kwetu hupimana. Sisi tuliokulia Bukavu tulifundishwa kitu kimoja na kaka zetu: kuweka libre. Ukifika juu ya mteremko unatoa gia, unaliachia gari liende lenyewe, injini inanyamaza, na wewe unacheza na usukani na breki tu. Mazuti, yaani dizeli, hayaungui. Hata kile kidude cha kudhibiti mwendo hakina la kufanya, kwa sababu injini si yenyewe inayosukuma. Dereva anayejua libre hasikiki. Abiria wanasikia upepo, wanasikia tairi kwenye lami, wanalala.

Na mimi nilikuwa fundi wa libre. Sijisifu, waulizeni. Wafanyakazi wa kiwanda, wa zamu ya asubuhi, walikuwa wakipanda basi langu wakiwa wamebeba usingizi wao wa nyumbani, na walikuwa wakiumalizia kwenye mteremko. Maman mmoja, mkuu wa wale wanaofungasha mifuko ya saruji, aliyeongoza kamati yao ya usafiri na ndiyo maana wote walimwita Prezida, alikuwa akisema mbele ya watu: "Huyu Papa hashuki. Huyu anateleza kama siagi." Nilikuwa nikisikia hivyo na mgongo wangu unanyooka.

Kamati hiyo ndiyo iliyochagua basi. Kila msimu wafanyakazi wa zamu walikubaliana nani awapeleke na kuwarudisha, na misimu yote walinichagua mimi. Halafu likaja basi la bluu, la kijana mmoja ambaye naye alikulia ng'ambo, mwenye kofia ya kugeuza nyuma na muziki wa Lingala tangu alfajiri. Naye aliweka libre vizuri. Basi lake lilikuwa jipya kuliko langu. Nikajiuliza, nina nini ambacho yule hana? Jibu likawa rahisi: shule. Mtu aliyepanda kwa shule akikwama hutafuta shule nyingine. Nikasikia kwamba Kigali kuna mahali wanafundisha udereva wa juu, nikaenda.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mkimya mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Siku ya kwanza alituuliza nani kati yetu ni dereva mzuri kuliko wastani. Wote tukanyoosha mikono. Mimi nilinyoosha miwili. Akatabasamu, akatupeleka kwenye uwanja uliomwagiwa maji na sabuni.

Kuteleza nilikujua haraka. Gari likivuta mkia kulia, mimi tayari nimeshageuza. Wengine walizunguka kama pia, mmoja alitapika, mimi nilirudi mstarini kila mara, mpaka mwalimu akasema, "Wewe mikono yako ina akili." Nililiweka neno hilo moyoni. Nikawaza: kumbe ndiyo haya tu? Nitarudi Kamembe na kona zote zitakuwa za kwangu.

Lakini siku ya mwisho alitupandisha kwenye basi lililojazwa mifuko ya mchanga, tukaenda juu ya kilima nje ya mji. Akauliza ni nani hapa anaweka libre. Tukacheka wote, kicheko cha wezi waliokutana. Akaniita mimi. "Mikono yenye akili, njoo ushushe."

Nikashusha. Kimya, kama siagi. Kona ya kwanza, ya pili, nikigusa breki kidogo kidogo kama ninavyojua. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu na kila mara ananiambia, "Punguza. Achia. Punguza tena." Harufu ikaanza, ile harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Kisha, mahali fulani, nilikanyaga na kanyagio likaenda chini kama mguu unaoingia kwenye tope. Hapakuwa na kitu mle ndani. Nilikanyaga tena. Tope.

Chini palikuwa na uwanda wa mchanga waliouandaa kwa ajili hiyo, na basi likazama humo likasimama. Mwalimu alijua. Kila kitu kilipangwa. Hata hivyo niliposhuka niligeuka kutazama magurudumu yaliyozama, na wale wenzangu hawakucheka.

"Mteremko unashushwa na gia," alisema mwalimu. "Gia uliyotumia kupanda ndiyo uitumie kushuka. Injini ikushike. Breki uiwekee akiba ya siku ya shida."

Hayo ndiyo niliyorudi nayo. Nilikwenda kutafuta namna ya kumshinda kijana wa basi la bluu, nikarudi na mguu unaokumbuka tope.

Asubuhi ya kwanza nilifika juu ya mteremko, nikapunguza, nikaingiza gia ya pili. Injini ikanguruma. Basi zima likatetemeka kidogo, viti vikaimba, na nyuma yangu usingizi wa watu thelathini ukapasuka kwa mara moja.

"Yesu! Ni nini?"

"Gari inalia!"

"Papa shofere, simama! Gari yako iko mgonjwa!"

Nikawaambia kwa sauti ya utulivu kwamba gari halina ugonjwa wowote, kwamba hii ni namna ya kisasa ya kushuka. Prezida alikuwa kiti cha nyuma yangu. Akaweka mdomo karibu na sikio langu.

"Ya kisasa? Papa, tulilala na wewe misimu yote hii. Leo unatuamsha na makelele kama tunapanda mlima, na sisi tunashuka?"

"Maman, injini inatushika."

"Nani alikuambia tunataka kushikwa?"

Basi zima likacheka. Nikacheka nao, kwa sababu mtu mwenye diploma anajua kuvumilia. Nikadhani watazoea. Kesho yake kulikuwa na kelele ile ile, na kesho yake tena. Walianza kushika vyuma vya viti mara tu wakiona juu ya mteremko. Mama mmoja alisema moyo wake unapanda. Mzee mmoja wa karakana ya kiwanda alitoa hukumu yake kama fundi: gari zuri ni gari lisilosikika, na dereva mzuri vilevile. Na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo! Misimu mingi nimewapa ukimya, wakaamini ukimya ndio usalama. Sasa nilikuwa nawapa usalama wenyewe, wakausikia kama hatari.

Si kelele tu. Niliacha nafasi kubwa mbele, kama nilivyofundishwa, na kila pikipiki na kila taksi ikaingia ndani ya nafasi hiyo. Nikiacha tena, inaingia nyingine.

"Papa, hii nafasi umewekea nani?" aliuliza mtu kutoka nyuma. "Harusi inapita?"

"Ameenda kusomea woga," akajibu mwingine. "Bamemupa na diploma yake."

Hapo nilishika usukani kwa nguvu. Diploma ya woga. Kwenye gare neno hilo lilifika kabla yangu. Nilipoingia kuegesha, kijana wa basi la bluu alikuwa ameegemea mlango wake akinyonya muwa.

"Mzee, karibu. Eti Kigali wanafundisha kuogopa? Mimi naogopa bure, sikulipia."

"Mdogo wangu, siku utakapokanyaga breki na usiikute, utanitafuta."

"Nitakutafuta wapi, Mzee? Wewe utakuwa bado juu unashuka."

Utingo wake alicheka mpaka akakaa chini. Nikaondoka. Nilikuwa nikitembea kutoka upande mmoja wa gare hadi mwingine bila sababu, nikigusa tairi zangu, nikifungua boneti iliyokuwa haina tatizo, nikiifunga. Tangu nirudi, mwili wangu ulikuwa haukai. Mezani, mguu wangu unatafuta kanyagio. Kanisani, naangalia mlango wa dharura uko wapi. Mke wangu akikata kitunguu namwambia kidole chake kiko karibu mno.

"Papa," alisema siku moja akiweka kisu chini, "uliniletea mwalimu nyumbani. Mimi niliolewa na shofere."

"Huyu ni shofere bora."

"Nani alisema?"

Hilo ndilo swali. Nani alisema? Kabla ya mafunzo sikuwahi kupata ajali. Baada ya mafunzo sikupata ajali. Ukitupima kwa matokeo, yule wa zamani na huyu wa sasa ni mtu mmoja, ila huyu wa sasa anachelewa na anatumia mazuti zaidi. Nikiteremka salama kwa gia, nitaonyesha nini? Fundi akitengeneza injini, inawaka na wote wanaisikia. Mwashi akijenga ukuta, unauona. Mimi nilichojenga kila asubuhi ni kitu ambacho hakikutokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina shahidi hata mmoja. Nilijua kwamba najua. Lakini kijana wa bluu naye alijua kwamba anajua, na kila asubuhi alifika chini salama kama mimi, mapema kuliko mimi.

Siku za kuchagua basi zikakaribia, na kamati ikasema kwa wiki nzima watapanda kwa zamu, nusu basi hili, nusu lile, kisha waamue. Nikapiga basi langu sabuni mpaka kwenye vyuma vya chini. Nikavaa shati jeupe. Kazi hii ilikuwa ndiyo jina langu kwenye gare; nikiipoteza, nitakuwa mmoja wa wale wanaosubiri abiria wa ndizi na kuku, na cheti ukutani.

Siku nne zilikwenda. Ya tano ikanyesha.

Mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Tulipofika juu ya mteremko, mbele yangu kulikuwa na lori refu tupu linalokwenda kupakia saruji, trela lake likirukaruka kama mkia wa mbwa. Nikaingiza gia ya pili, nikaacha nafasi, nikawa nyuma yake. Wipa zinapiga, injini inanguruma, vioo vimejaa pumzi za watu.

"Papa, mupite," alisema Prezida. Sauti haikuwa ya mzaha.

"Sioni mbele yake."

"Pale pamenyooka."

"Pamenyooka na pana maji, Maman."

"Geti, Papa. Geti."

Kila mtu ndani ya basi alijua maana ya geti. King'ora cha kiwanda kikilia na wewe uko nje, unaandikwa umechelewa, na ukiandikwa mara kwa mara hakuna anayekuuliza habari za lori. Nilijua hilo. Mguu wangu wa kulia ulijua, na ulitaka. Ile mikono yenye akili ilikuwa tayari inapima upana wa barabara, na nakiri ilikuwa na uhakika kwamba ingeweza. Cheti hicho hicho kilichoniambia nisubiri ndicho kilichoniambia kwamba gari likiteleza nitalirudisha. Hakuna aliyenionya juu ya hilo, kwamba mafunzo yanakuja na sauti mbili.

Nikasubiri.

Honi ikalia nyuma. Basi la bluu likatokea kwenye kioo, likakua, likatupita. Kwenye dirisha niliona mikono ya watu wa kamati ile ile ikitupungia. Likalipita na lori, maji yakiruka pande zote, likaingia kona, likapotea. Hakuna kilichotokea. Nasisitiza kwa sababu wasimuliaji wengi wangeweka hapa kishindo. Hakikuwepo. Tulipofika chini, wale wa basi la bluu walikuwa ndani zamani, na wangu walikimbia kwenye mvua na vitambaa kichwani wakakuta geti limefungwa.

Jioni, wakati wa kuwarudisha, sikungoja hukumu. Niliona mabasi yote mawili yamesimama nje ya geti, yametoka kushuka muda si mrefu kufuata watu, na mvua imekatika. Nikamwita Prezida.

"Maman, njoo. Weka mkono hapa, usiguse, karibu tu." Nikampeleka kwenye gurudumu langu la mbele. "Unasikia nini?"

"Uvuguvugu."

"Sasa njoo huku." Nikampeleka kwenye gurudumu la basi la bluu. Alirudisha mkono haraka. Hata harufu ilikuwepo, kile kitambaa chini ya pasi.

"Ah! Iko moto."

"Umeona?" Niliwageukia watu wote waliokuwa wametuzunguka. Nilisimama kama mwalimu mbele ya ubao. "Hizi ndizo breki zinazowashusha."

Prezida alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, na kwa muda mfupi nilihisi nimeshinda.

"Sufuria pia inapata moto, Papa," alisema, "na tunakula."

"Breki ni za kupata moto, Mzee," kijana alidakia kwa upole, karibu kwa huruma. "Njo kazi yake. Yako iko baridi kwa sababu haifanyi kazi."

Vicheko vikapasuka. Wakapanda. Wengi wakapanda la bluu.

Uamuzi waliuleta Jumatatu. Prezida alikuja mwenyewe na wenzake wawili, akaniita pembeni ya gare, akaongea kwa heshima. "Papa, tunakupenda. Hautakosa watu. Lakini sisi tuko na geti." Nikamjibu kwamba msomi hang'ang'anii watu. Nikamwambia madereva wa mikoa mingine wangefurahi kupata mtu mwenye vyeti kama vyangu. Aliitika tu, "Njo vile, Papa, njo vile," kama unavyomwitikia mtu mwenye homa.

Nikawa wa ndizi na kuku. Sikulala njaa, mimi si mtu wa kulala njaa. Lakini kila asubuhi nilijikuta gare kabla ya wakati, nikiangalia watu wangu wakipanda kwingine na usingizi wao.

Haikupita muda mrefu Prezida akaja tena. Safari hii peke yake, kitenge cha kanisani, mkoba kifuani.

"Papa, batoto ba kanisa bako na sikukuu kule chini, Gikundamvura. Baimbaji, badogo badogo. Tunataka gari Jumamosi."

"Gari la bluu lina kazi?"

"Halina kazi."

"Jipya kuliko langu. Lina muziki."

Alitazama chini, akatazama soko, akanitazama mimi.

"Papa, batoto ni batoto."

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuukusudia. "Na wewe, Maman? Wewe si mtoto wa mtu? Unataka batoto bako bakuzike, si ndivyo?"

"Usiseme vile."

"Unajua. Kumbe siku zote ulijua. Mkono wako ulijua."

"Nilijua," alisema. "Mimi niko na geti, Papa. Batoto habana geti."

Akaondoka bila kunibembeleza, kwa sababu alijua nitaenda. Nilienda. Nilishuka na basi limejaa watoto, kwa gia ya pili, na injini iliponguruma walishangilia, wakaanza kuiga mngurumo wenyewe, wakaugawa kwa sauti, ya kwanza hadi ya nne, mwalimu wao wa kwaya akishindwa kuwanyamazisha. Tulirudi salama. Wazazi walinishukuru gare, na wengi wao walikuwa abiria wangu wa zamani. Kila shukrani ilinichoma. Nilikuwa nimepata jibu la lile "Nani alisema?" la mke wangu, kwa vinywa vya watu wale wale, na jibu lenyewe halikunituliza hata kidogo. Kama wangekuwa hawajui, ningesubiri wajue. Walijua, na Jumatatu wakapanda tena basi la libre.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa aina yangu hafanyi kwa urahisi. Nilimfuata kijana wa basi la bluu. Nilimkuta akifuta kioo.

"Mdogo wangu, Jumapili baada ya misa, panda na mimi. Uendeshe gari langu, tupu, kwenye mteremko."

"Nani anatoa mazuti?"

"Mimi."

"Nani anaona?"

"Hakuna anayeona."

Aligeuza kofia, akaigeuza tena. Nadhani alitafuta mtego. "Mzee, unataka nini kwangu?"

"Wale watu."

"Nilikuchukulia batu, unataka nikurudishie?"

"Wabaki kwako. Nataka wafike."

Hakucheka. Jumapili alikuja, amevaa suruali ya kanisani. Nilikaa kiti cha abiria, mahali ninapopachukia kuliko pote duniani, na kijana akashika usukani wangu. Na niseme ukweli kama mtu anayejua kupima: ana mikono mizuri. Ingekuwa kwenye ule uwanja wa sabuni, angenipa kazi.

Juu ya mteremko mkono wake ulikwenda wenyewe kutoa gia. Niliweka wangu juu yake.

"Ya pili."

"Itapiga makelele."

"Iache ipige."

Akaingiza. Basi likanguruma, likajishika, likaanza kushuka kama mzee anayejua ngazi zake. Uso wake ulikunjamana kama anayesikia mwanawe analia na amekatazwa kumbeba. Kona ya kwanza. Mara mbili mkono wake ulirudi kwenye gia, mara mbili akauondoa mwenyewe. Kona ya tatu nilimwona akitazama mguu wake wa kulia, ulivyokaa bure sakafuni, bila kazi.

"Breki sijagusa," alisema.

"Ndiyo."

"Mpaka hapa sijagusa."

"Angalia mbele."

Tulifika chini kwenye migomba. Akasimamisha, akazima. Joto likaingia madirishani. Alishuka bila kuambiwa, akazunguka gari, akaweka kiganja karibu na kila gurudumu, moja baada ya jingine, akarudi akaegemea mlango wangu.

"Iko bien," alisema. "Mzee, siwezi kukataa. Iko muzuri sana."

Nikaanza kupanga maneno, mwalimu wa Kigali, cheti, namna ambavyo angeweza naye kwenda. Ningemwandikia barua ya kumtambulisha mimi mwenyewe.

"Nitafanya hivi," akaendelea, "siku nikiwa peke yangu."

"Peke yako?"

"Nikiwa na batu nitaweka libre. Uliona batu balikufanya nini." Akafungua mlango wa upande wa usukani, akasita, akanipa funguo. "Panda wewe, Mzee. Mimi nimechoka na hii makelele."

Nikahamia kwenye usukani, nikawasha, tukaanza kupanda, na njia nzima nilimweleza habari ya gia na breki, tena tangu mwanzo.